Mashine Mbili Zilipopatana

Kaka yangu,

Mama hajambo, na mwanao ameota jino la pili.

Siku ile ulipojitolea kupimwa na kunitania, "Daktari wa nyumbani, usinitekenye mbavu," tulikuwa tunalinganisha mashine mbili za ultrasaundi zinazopima ugumu wa wengu, yaani bandama, kwa watu wenye afya. Ajabu ni kwamba hazipatani. Kwa mtu yuleyule, moja husema wengu ni laini, nyingine husema ni mgumu kidogo. Naupenda ubishi huo. Nauwaza hata nikipiga mswaki.

Kwako zimepatana. Zote zinasema mgumu, hata niliporudia. Nimekutoa kwenye kundi la wazima. Mama sijamwambia. Njoo hospitalini Jumatatu kabla hujala, daktari wetu akuone. Nitanie utakavyo, ila njoo.

Mdogo wako