Mfumo wa Pili Haukufuta Sauti ya Baba

Kaka Pradeepan,

Nadai waziwazi: mfumo endeshi wa pili nilioupachika kwenye kompyuta yako haukufuta rekodi ya sauti ya marehemu baba. Wewe ulitangaza katika kundi la ukoo mtandaoni kwamba nimemzika mara ya pili.

Huku Thrissur mvua haijakatika, na mafenesi yanaozea mtini. Mama alikuwa ameninunia.

“Digrii yako inafungua kila kitu isipokuwa sauti ya mume wangu,” aliniambia. “Haya msomi, kale vitabu!”

Nilirudi kwenye kompyuta yako. Mfumo mpya uliwaka vizuri, lakini kila nilipoomba uifungue sehemu yako ya diski, iliyohifadhi sauti ya baba, ulikataa. Hatimaye nilibadili mpangilio wa kuwasha, nikauamsha mfumo wako wa zamani. Nilikuta kazi zako zote zingali wazi, hata tiketi yako ya ndege ya Sharja. Ulipokimbilia uwanja wa ndege ulifunika kifuniko cha kompyuta tu, kama tufanyavyo sote hapa, ukadhani umezima. Mfumo uliolala haumruhusu mgeni kugusa vyake. Niliuzima ipasavyo, na sehemu ile ikafunguka.

Nikamwekea mama sauti. Baba anamkaripia muuza samaki: “Samaki huyu amestaafu kabla yangu!” Mama alicheka hadi akalia.

Hata hivyo, shangazi Sarojini, aliyeamini tangazo lako, bado hupita mlangoni kwetu bila kunisalimu. Kwa hiyo usinipigie simu faraghani, kaka. Nijibu katika kundi lile lile, wote wasome.

Mdogo wako,
Anirudhan