Kwa Nini Nipande Kwanza?

Tarehe 3 Machi

Mwanangu kitinda mimba,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Na huyo bibi mdogo ambaye nasikia sasa anatembea na kufungua makabati ya watu, naye hajambo? Mimi sijambo, ni mgongo tu, na mgongo wenyewe ni wa kuinamia cherehani miaka arobaini, si ugonjwa, kwa hiyo usianze.

Tiketi nimeipata. Mwenye steshenari aliichapa pamoja na barua yako akaniletea mpaka mlangoni. Jambo hilo si kawaida yake, maana yule mama hata ukizimia dukani kwake atakudai kwanza hela ya fotokopi. Nimeshukuru sana. Miaka mitatu sijakutia machoni, na mjukuu wangu sijampakata hata siku moja. Vitu vyangu nimeshavipanga katika begi moja.

Lakini kuna kitu sikielewi. Mwenye steshenari alinisomea tiketi, maana miwani nilikuwa nimeisahau ndani, na chini kabisa kuna mstari unaosema nimelipiwa ziada ili nipande kwanza. Nikadhani labda kuna ndege mbili, moja ya mapema na moja ya baadaye. Nikavaa viatu, nikaenda ofisini kwa wakala.

Wakala ni msichana mwenye kucha ndefu, sijui anafungaje vifungo. Akaniambia, "Mama, ndege ni moja tu."

"Sisi tuliolipa ziada inaondoka nasi saa ngapi?"

"Saa ile ile iliyoandikwa."

"Na wasiolipa?"

"Saa ile ile."

"Basi sisi tunafika kabla yao?"

"Mnafika pamoja, mama."

Nikamwuliza, sasa mimi nimenunuliwa nini? Akasema nimenunuliwa kuingia mapema wenzangu wakiwa bado kwenye foleni. Yaani nitakaa kwenye kiti kile kile, nisubiri watu wale wale, ila mimi nitasubiri zaidi yao. Niliondoka bila kuaga.

Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Nimeuziwa kitambaa kinachochuja rangi, nimeuziwa uzi unaokatika ukiutazama, lakini kuuziwa foleni hii ni mara yangu ya kwanza. Ama huyo wakala kakupiga, ama kuna jambo unanificha. Niambie ni lipi.

Nisalimie wote.

Mama yako


Tarehe 6 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo. Mjukuu wako jana kaingia ndani ya kapu la nguo chafu akalala humo, tukamtafuta nyumba nzima. Baba yake alikuwa ameshaanza kuwagongea majirani. Nakuandikia nikiwa mapumzikoni hapa kwenye chumba cha udobi cha hoteli, mashine za mashuka ya watu zinanguruma nyuma yangu, kwa hiyo samahani kama barua hii itakuwa fupi.

Hakuna aliyepigwa, Mama. Ndiyo utaratibu wao. Juu ya viti kuna makabati ya kuweka mizigo, na yanajaa upesi. Ukichelewa kuingia, begi lako wanalichukua wanalipeleka chini ya ndege na mizigo mingine. Nimelipia upande kwanza ili begi lako lipate nafasi. Hakuna lingine. Nilijua utalikasirikia begi likienda mbali nawe.

Basi usihangaike kwenda tena kwa wakala. Kula vizuri, pumzika. Siku zinakaribia.

Mwanao, kitinda mimba wako


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Nimecheka habari ya kapu, lakini kicheko hakikukaa.

Nilirudi kwa wakala. Ndiyo, nilirudi, ofisi ni yake lakini barabara si yake. Nikamwomba kipimo cha begi linaloruhusiwa chini ya kiti cha mbele, nikapima begi langu kwa futi ya kamba. Linaingia na nafasi inabaki. Halihitaji kabati la mtu. Basi hilo la begi lifute.

Nikamwuliza zaidi: bila kulipa, ni akina nani wanaopandishwa mwanzo? Akahesabu kwa kucha zake: wenye watoto wachanga, wazee sana, na wagonjwa. Mtoto mchanga sina. Uzee sana bado. Sasa nawaza, huyu binti yangu kwa nini ananiweka karibu na hao, tena kwa kulipia?

Halafu nikaanza kukumbuka mengine. Barua zako siku hizi zinakuja na herufi kubwa kama za mlango wa choo cha stendi. Zamani ulikuwa unaniandikia ukurasa mmoja, umejaa mpaka pembeni. Sasa maneno yale yale yanakula kurasa nne, na mwenye steshenari anachekelea kila ukurasa unaotoka. Nani aliyekwambia uniandikie hivyo?

Nilimbana yeye kwanza. Yeye ndiye anayepiga picha barua zangu na kukutumia, na zako anazichapa, kwa hiyo njia anayo. Nilimwuliza, "Umempelekea mwanangu maneno gani?" Akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mtu asiye na lake hapangi kalamu.

Na mkwe wangu je? Mwaka jana hakutaka hata nisafiri, mlisema nyumba ni ndogo. Mwaka huu mbio mbio, tiketi, foleni ya kununua. Kama mmekaa kikao mkaamua kunileta huko kama mgonjwa, mnifungie chumbani, muwaambie majirani "huyo ni mama, msimsumbue", semeni wazi. Mimi nyumba ninayo. Mlango naujua, kitasa nakijua.

Tiketi nimeiweka chini ya godoro. Siji mpaka uniambie ukweli, na ukinidanganya tena nitajua. Tangu mdogo ukidanganya unaongeza maneno "hakuna lingine."

Mama yako


Tarehe 13 Machi

Shikamoo Mama,

Naomba usiichane barua hii kabla hujaimaliza.

Nilikudanganya kuhusu begi. Mwenye steshenari hajaniambia kitu, wala mume wangu hajapanga lolote. Mwaka jana tulikuwa chumba kimoja, Mama, sasa tuna viwili, hiyo tu ndiyo tofauti. Aliyeniambia ni wewe mwenyewe.

Unalikumbuka gauni ulilomshonea mjukuu wako alipotimiza mwaka? Lina vifungo sita na matundu matano. Kola upande mmoja imeshonwa ndani ikiwa nje. Nililishika hapa kazini, nikilipiga pasi kwa mkono, nisitumie mashine, nikasema labda alikuwa na haraka. Lakini wewe hujawahi kuwa na haraka. Wewe ulinifumulisha pindo la sare yangu mara tatu kwa sababu ya mshono mmoja uliopinda, nikilia, na shule ikinisubiri.

Halafu barua zako. Mistari inapandiana. Kuna mahali umeandika juu ya maneno uliyokwisha kuyaandika, na mimi nakaa nayasoma mawili mawili kama mtu anayechambua mchele. Halafu nikakumbuka harusi yangu. Ulishika kadi ya nyimbo ukaimba nyimbo zote kwa sauti, watu wakakusifu. Kadi ilikuwa kichwa chini, Mama. Nilikuona. Nilikuwa bibi harusi, nikajifanya sikuona, na miaka mitatu nimejifanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo nilipokata tiketi nilikuwazia uko kwenye mlango wa ndege. Watu mia wako nyuma yako na mabegi yao wanakusukuma, namba za viti ni ndogo, na wewe hutaki kumwuliza mtu. Nakujua. Utajifanya unatafuta leso. Utatafuta leso mpaka mtu akusemeshe vibaya. Moyo wangu haukuweza. Nikaona ukiingia kwanza, ndege ikiwa tupu, utahesabu viti kwa mkono taratibu, na hakuna atakayejua. Nililipia hiyo, Mama. Nililipia usionwe.

Sikukwambia kwa sababu ukijua kwamba najua, hutakuja. Sasa nimesema na naogopa.

Kuna daktari wa macho hapa, nimekuombea nafasi. Sitaki kukudanganya tena: inawezekana hana la kufanya. Lakini mtoto yupo, ana sura, na anabadilika kila wiki. Nataka umwone wakati bado unaweza. Njoo, Mama. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze hapa.

Mwanao


Tarehe 24 Machi

Shikamoo Mama,

Siku kumi na moja sijapata neno. Mwenye steshenari ananiambia barua alikuletea mpaka mkononi, ukaipokea ukafunga mlango. Anasema hujapita dukani tangu siku hiyo.

Kama nimekukosea heshima, nisamehe. Niambie tu u mzima.

Mwanao, kitinda mimba wako


Tarehe 31 Machi

Mama,

Ndege ni keshokutwa asubuhi. Sitakusukuma. Nitakwenda kusimama pale mnapotokea, nikuone nisikuone.

Mwanao


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu kitinda mimba,

Marahaba, na zile shikamoo zote ambazo sikuziitikia, marahaba.

Mwandiko huu si wangu. Anaandika mwenye steshenari kwenye simu, mimi nasema. Tumekaa kwenye benchi nje ya mlango wa kiwanja cha ndege, hapa wasindikizaji wanapoishia. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambie.

(Mimi mwandishi nasema: sikumpelekea mtu maneno. Na kalamu zangu nazipanga kila siku.)

Barua yako niliisoma mwenyewe. Sikutaka anisomee. Nilikaa nayo dirishani siku mbili, neno moja moja, na hata hizo herufi zako kubwa zilinitoa jasho. Nilipofika kwenye kadi ya harusi nilikasirika. Nilisema siendi. Nilisema mtoto gani huyu, anamvizia mama yake siku ya harusi yake. Siku ya nne hasira ikaisha, ikabaki aibu, na aibu ndiyo iliyonifungia ndani muda wote huo. Usidhani nilikuwa nakukomoa.

Nilikwambia wateja wamepungua. Hawakupungua, niliwafukuza mimi. Mwezi wa kumi nilishona sketi ya shule, mama wa mtoto akairudisha akaiweka mezani, hakusema hata neno. Angelalamika ningemjibu, unajua mdomo wangu. Alinyamaza, akanitazama kwa huruma, nikajua kwamba mtaa mzima unajua. Toka siku hiyo kila anayenisaidia namshuku. Anayenishika mkono kuvuka barabara, namshuku. Anayeniletea barua mlangoni, namshuku. Nilidhani wote wanangoja nianguke. Kumbe nawe umo, ila wewe ulikuwa unaniwekea mto mahali pa kuangukia, nami nikakutukania mumeo. Mwombe radhi kwa ajili yangu. Nikifika nitamwomba mwenyewe.

Sasa nikwambie kile ambacho hujakijua, maana hukukijua chote. Jicho la kulia limekwisha. Lina mwaka na nusu. La kushoto linaona mwanga, na umbo la mtu akiwa karibu, lakini katikati pa umbo hilo hapana kitu. Ukikaa mbele yangu naona nywele zako na mabega. Uso sioni.

Asubuhi hii tumefika hapa, mwenye steshenari akaambiwa yeye hapiti. Nilibaki na mfanyakazi wa mlangoni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba kutafuta leso. Nikausimamisha. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi sioni vizuri." Sijawahi kuyasema maneno hayo kwa mtu yeyote. Yeye hata hakushtuka, akasema, "Haya mama, nitakuja kukuchukua, tutaingia na waliolipa kwanza." Akaenda zake kushughulikia mengine, kama mtu aliyeombwa maji. Miaka yote hiyo nimeificha siri hii, na imechukua maneno manne.

Basi ninakuja. Yule mfanyakazi anarudi sasa, nasikia viatu vyake, nikwambie jambo la mwisho kabla sijaachana na mwenye simu.

Nitakapotokea huko, usisimame mbali ukanipungia mkono. Usingoje nikutambue, utaumia bure. Niite. Niite kwa sauti, watu wageuke, sijali. Na huyo mtoto mfundishe leo neno moja tu, bibi, aliseme kwa kelele. Sijui kama nitauona uso wake, mwanangu, nadhani nimechelewa. Lakini akiniita nitamfuata, na nikimfikia nitamshika mashavu kwa mikono yangu yote miwili, polepole, mpaka niijue sura yake.

Mama yako