Mwaka Mmoja Bila Tupa za Fundi Gitaa

Umetimia mwaka mmoja, Fundi wetu, tangu Mungu alipokuita asubuhi ile ya Jumanne, chai yako ikiwa bado inafuka mvuke kwenye meza ya kazi.

Wanao wanakukumbuka kwa upole. Hukupaza sauti nyumbani. Ukikasirika ulisema tu, "Haya jamani," na nyumba nzima ikatulia.

Wateja wanakukumbuka kwa mikono yako. Kile kipande cha mfupa shingoni mwa gitaa, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi, wengine hukichonga kwa tupa moja, liwalo na liwe. Wewe ulikuwa na tupa sita. "Kila uzi na unene wake," ulisema. "Ukiubana, unakwama. Ukiulegezea, unapayuka."

Mkeo anakukumbuka kwa hayo yote, na kwa jambo moja zaidi ambalo Mungu analijua, basi na lisemwe: wivu. Kila mwezi yule mwimbaji wa kike alileta gitaa lake, leo nyuzi nene, kesho nyembamba, nawe ukaliinamia mchana kutwa, ukipuliza vumbi la mfupa taratibu kama anayempuliza mtoto jichoni. Mkeo akahamishia ungo wake wa mchele mlangoni pa karakana.

"Mama watoto, jikoni hakuna mwanga?"

"Upo. Ila hapa ninaona vizuri zaidi."

Miaka tisa, mchele wa nyumba hii haukuwa na jiwe hata moja.

Mwezi uliopita mwimbaji alirudi. Alikuwa ametia nyuzi nene, nazo zimekaa juu ya mifereji, haziingii. Mkeo alitaka kumwambia fundi hayupo, kwaheri. Akasali kwanza, sala fupi. Kisha akafungua sanduku lako. Alisugua kidogo, akapitisha uzi, akapuliza, akasugua tena, akiinamisha tupa kuelekea kichwa cha gitaa, kama ulivyofanya wewe. Nyuzi zote sita zikakaa.

"Dada, nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa nakuchunga wewe."

Mwimbaji alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi? Mumeo hakuijua hata sura yangu! Nilimsalimia sokoni, akaniuliza, 'Samahani, wewe ni gitaa lipi?'"

Mkeo naye alicheka, akamsindikiza mpaka barabarani. Lakini wivu haujamtoka, Fundi, umehama tu. Kanisani anasikia kwamba huko uliko wapo malaika wenye vinubi, na nyuzi za kinubi si sita. Anakujua. Basi anakuomba upumzike. Wakikuletea, waambie hufungui kazi mpaka mkeo afike.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wanne, wakwe zako, wajukuu, na dada yako mkubwa, ambaye hadi leo anasema ulikuwa mtoto msumbufu.

Hatujakusahau hata siku moja, wala hatutakusahau.