Virusi kwa Damu

Vale, uko hapo? Nimeingia hii cyber nikuandikie haraka.

Leo nimemsindikiza Nasambu, jirani yangu wa hapa mtaani Lindi, kliniki nimtafsirie daktari. Si unajua mtoto wake Boaz, ile shida ya misuli kuisha. Siku hizi hata kusimama hawezi.

Daktari akasema huko ng'ambo wanatafuta tiba. Wanachukua virusi, wanaitoa ubaya wote, wanaibebesha jeni nzima, ile mtoto amezaliwa nayo ikiwa mbovu, halafu wanaipitisha kwa damu ndio ifikie misuli za mwili mzima.

Mimi nikamwambia Nasambu, "Wanaweka virusi kwa damu."

Vale! Virusi kwa damu! Hivyo tu!

Nasambu akasimama. "Mnataka kumpa mtoto wangu Ukimwi?" Akambeba Boaz mgongoni, kijana wa miaka tisa, akatoka.

Nimewakimbilia hadi geti. Nikamweleza pole pole kwamba si hiyo virusi, hii ni ya kubeba dawa tu. Kisha akauliza, "Sasa wataanza lini?"

Nikamwambia bado wanajaribu kwa panya.

Hapo ndio alilia. Kule ndani hakulia, Vale. Siwezi kukaa hapa, wacha niende kwake.