Sekunde Tisa Baada ya Wimbo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza kuhariri leo. Saa arobaini na mbili za picha! Na mwigizaji mkuu ni shemeji yangu. Mke wangu kanifungia chakula na onyo: nisithubutu kumkata kaka yake. Nikamwambia kukata ndiyo kazi yenyewe. Akasema basi nikate wengine.

Shem, ndivyo tunavyoitana, kamwigiza Petro miaka minane kwenye ukumbi wa kanisa, gita la umeme likitetemesha madirisha. Nilienda mara moja tu, nikatoka na kichwa kinagonga. Wenzake wanamwita Spika, maana hana haja ya maikrofoni. Sasa mchezo umekuwa filamu na kelele zote zile zimehamia chumbani kwangu. Mungu anisaidie.

Jumanne, 4 Machi
Nafuta kauli. Nimesikiliza ule wimbo ambao Petro anamkana Yesu mara ya tatu, uani kwa kuhani mkuu. Siku ya kupiga picha muziki ulikuwa kwenye kispika kidogo sikioni mwake, kwa hiyo mimi nina sauti yake peke yake. Hakuna gita, hakuna ngoma. Anaanza kwa ukali, anamkaripia kijakazi, halafu "simjui" analishusha, analishusha, mpaka la mwisho ni pumzi tu. Mwili ulinisisimka. Miaka yote hii tunakula naye meza moja — sikujua!

Ila kuna balaa. Wimbo ukiisha, haondoki. Kasimama tu, mikono kaitandaza, kidevu juu. Sekunde tisa nzima! Nilidhani kasahau la kufanya. Nimerudisha mara tano ndipo nikaelewa: anangoja makofi. Jukwaani wimbo huu ukiisha ukumbi hulipuka, naye husubiri watu watulie. Mwili umeshazoea. Pale uani walikuwepo mafundi taa na kamera tu. Nimecheka mpaka fundi sauti wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Alhamisi, 6 Machi
Mwongozaji kaja. Mama mfupi, sauti ya mwalimu wa zamu, hakubali kiti. Nilikuwa nimekata palepale sauti inapoishia. Safi kabisa. Akauliza haraka ya nini, baada ya hapo kuna nini? Nikamwonyesha ili tucheke wote.

Hakucheka. Akanifanya nitazame vizuri. Sekunde ya tatu kidevu kinashuka. Ya tano mikono inateremka, haijui iende wapi. Ya saba anatazama kulia, kushoto, kama mtu aliyeitwa akakuta hakuna aliyemwita. Ya tisa anaiangalia mikono yake. Basi. Katoka kumkana rafiki yake, na hakuna aliyesema kitu.

Mwongozaji kasema huyo ndiye Petro aliyemtafuta miezi saba. Zibaki zote tisa, bila muziki, bila hata jogoo. Kakiri kwamba siku ile hakuziona, alikuwa ameshageuka kuzungumza na mtu wa taa. Nampendea hapo. Mwingine angesema alipanga.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeharibu. Nimemwonyesha Shem kwetu, sebuleni, nikidhani nampa zawadi. Ilipofika kwenye kimya akainuka. Kata hapo, kasema. Kila aliyewahi kupanda jukwaani atajua anangoja nini, watamcheka: mtu mzima na ndevu zake anaomba makofi wakati Bwana anapelekwa kufa! Nikamweleza jinsi inavyopendeza. Akaniuliza mimi ni shemeji yake au shemeji wa mwongozaji.

Huyu ni mtu wa utani, kila siku ananichokoza. Leo kaondoka chai hata hajaigusa. Nimeumia.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu haongei na mimi. Anaongea na masufuria.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempigia mwongozaji. Kasema sura ni ya Shem, si yetu. Akikataa, zikatwe. Hatamwaibisha mtu maisha yake yote kwa ajili ya picha. Sharti ni moja: azitazame mpaka mwisho, kwenye kioo kikubwa cha chumba changu cha kuhariria, ndipo aseme. Jumatano saa kumi jioni filamu inatumwa kwa wasambazaji, ikishakwenda hairudi.

Sijawahi kufanya kazi na mtu kama huyu. Kitu bora kuliko vyote kwenye filamu yake, kamkabidhi mtu anayetaka kukitupa.

Jumatano, 12 Machi
Nimeandaa mbili. Moja ina sekunde tisa, moja haina.

Shem kafika saa nane na nusu, shati limepigwa pasi, utadhani anakwenda mahakamani. Mke wangu yuko nyuma yake, hakuna aliyemwita. Nimezima taa.

Kaimba. "Simjui" la mwisho. Kimya. Shem hakutazama kioo, kageuka kumtazama dada yake — kumbe miaka yote ile ndiye huanza makofi, safu ya mbele! Sasa mikono yake iko mdomoni, machozi yanatiririka. Kasema "Kaka" tu.

Shem kaniambia nirudishe. Nikarudisha. Safari hii kaangalia kioo. Akasema tena. Nimerudisha.

Saa tisa na dakika arobaini. Simu ya ofisini imelia mara mbili. Naandika hapa kwa mwanga wa kioo. Nimemuuliza, Shem, nitume ipi? Kaniinulia kidole ninyamaze. Kasogeza kiti mbele, karibu agonge kioo kwa pua. Petro anaangalia mikono yake.

"Rudisha, Shem. Rudisha tena."