Kwa Dk. Makarius Lupakisyo, “Daktari Unaitwa-Nani”

Mwanetu Makarius, mwaka umezunguka tangu Landrova ya hospitali ipinduke na kukatisha uhai wako karibu na Mikumi, tarehe 9 Agosti 1976, ukiwa njiani kwenda kukagua zahanati ya kijiji kipya. Hadi leo mama yako akisikia gari linapunguza mwendo nje, huinuka kwenye kigoda.

Tungependa kukuandikia kwa utulivu. Lakini tuna hofu, na wewe ndiye tuliyezoea kumpelekea hofu zetu.

Ulipopata udaktari, Uhuru ukiwa bado mbichi, hospitali uliyopangiwa ililaza wagonjwa wawili kitanda kimoja. Siku moja muuguzi aliita, “Regina!” Mama mwingine, mkulima wa milimani, akaitika “Abee,” akachomwa sindano isiyo yake. Koo lilimvimba. Ulikaa naye mpaka pumzi ikarudi, kisha ukamwuliza, “Mama, kwa nini uliitika na wewe si Regina?”

“Mwanangu, mkubwa akiita, utanyamaza?”

Wakubwa walitaka muuguzi afukuzwe. Ulikataa. Ulisema akiondoka huyu atakuja mwingine, naye ataitikiwa vilevile, maana watu wetu wamelelewa kutombishia mkubwa. Tangu hapo ulipiga marufuku kumtajia mgonjwa jina lake. Alitakiwa alitaje mwenyewe, na kijiji atokako, na mahali panapouma, kabla ya kidonge, sindano au kisu.

Uliniambia wazo hilo ulilipata stesheni ya Kilosa, utotoni, ukiniangalia mimi baba yako kazini. Stesheni masta akitaja namba ya treni kwenye simu, mwenzake wa Kimamba ilibidi airudie, ndipo mimi nivute pointi za kubadili njia ya reli. Niliandika maneno yako kwenye daftari langu la kisomo cha jioni. Ninalo bado.

Watu walikucheka. Sokoni akina mama waliambizana, “Unaitwa-Nani huyo anapita! Taja jina upesi, usije ukakatwa mguu!” Mzee Mwinshehe, aliyelazwa wiki mbili, alikasirika kabisa.

“Shikamoo mzee. Unaitwa nani?”

“Marahaba. Jana nilikuwa Mwinshehe. Leo niite Kornelio, labda utanikumbuka.”

Nawe ukasimamisha dawa yake mpaka mkewe alipoletwa kutoka shambani kumthibitisha. Yule mama alifika na jembe begani. “Ndiye huyu,” alisema, “ila kama mna mwingine, nipeni.” Wodi nzima ilicheka, na mzee hakurudia mzaha.

Miaka kumi na mitatu uliipeleka desturi hiyo kwa baiskeli, kwa miguu, kwa malori ya miwa, mpaka Kidodi na Dumila. Hukupenda kukemea. Ulipenda kusimama kando ya kitanda na kusikiliza.

Sasa sikiliza, Daktari. Jumatano ijayo mama yako anapasuliwa jicho. La kushoto lina mtoto wa jicho. La kulia ndilo pekee analoonea. Daktari wa macho ni mgeni, anapita siku mbili tu, na wagonjwa ni wengi.

Wiki iliyopita nilikwenda wodini kumwona jirani yetu Beda. Muuguzi kijana, ambaye hakuwahi kufanya kazi nawe, aliingia na sindano.

“Wewe ndiye Beda?”

“Ndiyo.”

Alikuwa Beda kweli, na sindano ilikuwa yake. Lakini jina alitajiwa, hakulitaja mwenyewe. Mwaka mmoja tu, mwanangu.

Nilirudi nyumbani nikamketisha mama yako, nikajifanya daktari. “Mama, tunapasua jicho la kulia, sivyo?”

“Ndiyo, Bwana Mganga.”

“Mama Makarius! Ndilo unaloonea!”

“Najua. Lakini mtu kavaa koti jeupe, kasoma, mimi nimwambie amekosea?”

Tumefanya mazoezi kila siku. Jana alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali tena, akainamisha kichwa. Nilimwomba matroni anikubalie niingie naye. Alinijibu kwa heshima kwamba haiwezekani. Mlangoni nitamwacha.

Kwa hiyo, Makarius, kama yupo atakayemhudumia mama yako Jumatano na anasoma barua yetu hii gazetini, tunamwomba kwa jina lako: usimwambie ni jicho gani. Mwulize. Atatazama chini kwanza, na atakawia, kwa sababu anakuheshimu. Tafadhali usimsaidie jibu. Msubiri.

Unakumbukwa na baba yako mzee Lupakisyo, mama yako Costancia, mkeo Sesilia na wanao, dada yako Hildegarda, mdogo wako Damiano, na wauguzi wote uliowafundisha kuuliza.

Hatutakusahau, Daktari, maadamu mmoja wetu angali anapumua.