Goti la Bradley

Al Mansoura, Doha
Jumapili, 12 Oktoba

Dada yangu Mumbua,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji, na kifua cha Mama kiwe kimetulia sasa baridi ya Julai imeisha. Mimi niko salama. Joto limeanza kupungua, mtu anaweza kungoja basi bila kujutia kuzaliwa. Utashangaa kupata karatasi mwaka huu wa leo. Nimempa Charity, yule nesi wa Kangundo, anakuja likizo. Nikituma sauti kwa simu itasikizwa na nyumba nzima pamoja na jirani, na haya nataka uyasikie wewe kwanza.

Mwanao Bradley mzima. Tunalala chumba kimoja, anakula vizuri, bado ni mlinzi wa jengo moja kule The Pearl, masaa kumi na mawili akiwa amesimama. Umeniuliza juu ya goti lake mara tatu, na mara tatu nikakujibu linaendelea vizuri. Nitafika hapo. Nivumilie, si unajua mimi nikianza hadithi lazima nianzie kwa Adamu.

Huu ni mwaka wangu wa nane nikiwa kocha wa timu yetu ya Mansoura, na kombe hatujawahi kulishika hata kwa kupiga picha tu. Ligi yetu sisi watu wa Afrika Mashariki ina timu nne. Zamani kila mgeni akishuka tu kwenye ndege aligombaniwa mpaka watu wakanuniana kanisani na msikitini. Ndipo tukaweka utaratibu: kila Septemba wageni wa mwaka huo wanacheza mechi ya majaribio, kisha timu zinachagua mmoja mmoja kwa zamu, na iliyoshika mkia ndiyo huanza. Ukitaka zamu ya mbele, lazima uwape wenye zamu hiyo kitu cha maana.

Mwaka huu zamu ya kwanza ilikuwa ya Rayyan, ambao kapteni wao ni Suleimani, Mtanzania wa Tanga, dereva wa basi la shule. Sisi tulikuwa wa tatu. Siku ya majaribio mwanao alifunga matatu. Nick, kipa wetu, alikuwa ameazimwa kudakia upande wa pili, na bao la tatu lilipompita aliketi chini akacheka. Aki dada, nilisikia raha, nikataka kumwambia kila mtu uwanjani kwamba huyo ni damu yetu.

Jioni hiyo tulikutana katika mkahawa wa Mhindi. Velma, katibu wetu, alikuwa ameshaongea na Suleimani. Alituambia Rayyan watatuachia zamu ya kwanza tukiwapa Nick na zamu zetu za miaka miwili ijayo. Nusu ya watu wakasema tutoe, mchezaji kama Bradley hatokei kila mwaka. Nusu wakasema ni wazimu, timu haijengwi na mtu mmoja, na huyo mmoja akipelekwa zamu za usiku kazini tutabaki mikono mitupu. Nick alikuwa pale pale anakula chapati yake, anasikia akipimwa kama nyama buchani. Alisema ataenda kama tunataka. Nilishindwa kumtazama. Nilipofika Doha sina kazi, Nick ndiye aliyenipisha nusu ya godoro lake mwezi mzima.

Basi nikasema hatutoi mtu, tungoje, Bradley atatufikia kwa zamu yetu. Walinicheka. Velma aliniuliza ni nani mwenye macho atakayemruka mtoto kama yule, tena mara mbili.

Walimruka. Ijumaa iliyofuata Rayyan walichukua beki wa Uganda, timu ya pili ikachukua winga, na sisi tukampata Bradley bila kutoa hata jezi. Walinibeba juu juu. Tangu siku hiyo hatujafungwa, na Bradley kila baada ya mechi alikuwa akisimama mbele ya wenzake akinishukuru, kwamba mjomba wake ndiye aliyesimama naye watu walipomwona kilema.

Dada, goti la Bradley halijawahi kuumia.

Ni mimi niliyesema. Siku mbili kabla ya kuchagua nilimwita Suleimani chai, nikamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba mpwa wangu alitegua goti akiwa nyumbani, anaficha tu, halitamaliza msimu. Mimi ni mjomba wake, nani angenibishia? Kufikia kesho yake mji wote ulijua, mpaka habari ikafika huko kwenu, na wewe ukaanza kufunga kila Jumatano ukimwombea.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Nilipomaliza kusema, Suleimani alisikitika. Alisema shule yao inatafuta msaidizi wa mwalimu wa michezo, yeye ndiye aliyeombwa kutafuta mtu, na alikuwa amekusudia kumpeleka Bradley, ila mwenye goti bovu atawezaje kukimbia na watoto. Hapo ndipo ningecheka niseme nilikuwa natania. Nilikuwa na nafasi, Mumbua. Nilikunywa chai yangu mpaka ikaisha. Kazi akapewa mwingine, na mwanao yuko kwenye lango la lile jengo hadi leo kwa sababu nilitaka kombe.

Juzi Ijumaa, alipoanza kunishukuru tena, nilishindwa. Nilimkatiza nikasema yote mbele ya timu. Bradley hakushtuka. Alinijibu polepole kwamba anajua, wiki ya tatu sasa. Alikuwa amemwuliza Suleimani kwa nini ile kazi ilipotea, akaambiwa ni mjomba wake aliyesema goti lake bovu. Alisema alikuwa akinishukuru hadharani kila wiki ili anipe mahali pa kuanzia kuungama. Wiki tatu nzima, dada, huyo mtoto ananiwekea chakula, ananisalimia asubuhi, ananingoja.

Alitaka mambo mawili tu: nikuandikie mimi mwenyewe, na nimwachilie aende Rayyan. Velma akafungua daftari akauliza Mansoura inapewa nini badala yake. Nikamwambia aandike hakuna, nikatia sahihi. Kisha nikamwomba Nick achukue ukocha. Suleimani amesema nafasi nyingine ikitokea shuleni atamkumbuka Bradley, lakini hakuahidi, na mimi sikuahidi kwa niaba yake.

Bado tunalala chumba kimoja. Hatujagombana. Anazungumza nami mambo ya maji na umeme, basi.

Nisalimie shemeji, na Mama umsomee sehemu ya kwanza tu mpaka utakapoona inafaa. Charity ana kilo mbili za tende zenu. Ukimaliza kusoma, usimpigie Bradley kumwuliza, amebeba haya vya kutosha. Nipigie mimi, nikusikie ukinigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Dedan